Magari Tuliyoyafunga kwa Kekele

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya sentensi moja. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu ya sekondari kwa Mafrere, yaani mabruda wa misheni, nao walikwisha kunitafutia kiti cha ukarani katika ghala la pamba. Siku mbili kabla ya kukikalia, dereva mmoja aliyetoka Kivu alisema sokoni kwamba katika milima ya Masisi kuna Mwingereza anayetoa magari ndani ya masanduku, kipande kwa kipande, na kuyaunganisha mpaka yanatembea. Watu walimcheka. Mimi nilikwenda nyumbani kufunga mzigo.

Safari ilinichukua wiki tatu. Nilipanda lori la pamba lililokufa njiani, nikatembea siku nne pamoja na watengeneza barabara, nikapata lori jingine lililonifikisha Bukavu. Huko nilingoja meli mpaka nikajuana na kila mpakiaji wa bandari. Nilivuka Ziwa Kivu nikiwa nimekaa juu ya magunia ya sukari. Kutoka Goma nilibebwa na gari la kuni lililopita Mubambiro, kwenye mawe meusi ya volkano yaliyotutikisa kama mahindi kwenye ungo. Sake nikashuka, nikaanza kupanda kwa miguu. Kila nilipofika juu ya kilima nilikuta kingine kimesimama nyuma yake. Asubuhi ya siku ya tatu niliona pumzi yangu mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi, nikaogopa, kwa maana Kasongo pumzi ya mtu haionekani.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita kubwa ya Wazungu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Karakana ilikuwa Nyamitaba, ndani ya banda refu lililokuwa zamani la kukaushia pareto. Mlangoni nilimkuta mzee mfupi, penseli imechomekwa kwenye nywele, anapiga randa ubao.

"Weye njo unatoka wapi?" akaniuliza bila kusimamisha randa. 'Njo' ya Kiswahili cha huko ni 'ndiyo' au 'ndipo'.

"Kasongo, Papa."

"Kasongo! Kwa kutafuta nini huku?"

"Kazi ya magari, Papa."

"Kwenyu kuko baridi?"

"Hapana, Papa."

"Basi utalia. Ingia kwanza pa moto, Mwana Kasongo, njo tutaita Bwana."

Huyo alikuwa Papa Bauma, kapita, yaani msimamizi, wa karakana, Mhunde wa pale pale, mkulima wa maharage na mzee wa kanisa. Alikuwa ametengeneza mabenchi ya makanisa matatu kabla ya kugusa gari. Tangu siku hiyo sikuitwa tena kwa jina langu.

Bwana mwenyewe, yule Mwingereza, alikuwa mrefu, mwembamba, masikio mekundu. Wafanyakazi walimwita Bwana Sanduku, naye alijua na hakukasirika. Alinitandikia mezani karatasi kubwa ya michoro, akanionyesha rundo la mbao pembeni.

"Wewe nasoma?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kiingereza?"

"Hapana, Bwana. Kifaransa."

"Basi soma picha."

Maneno ya ile karatasi sikuyaelewa hata moja, lakini kila mbao katika mchoro ilikuwa na namba, na namba hiyo hiyo ilikuwa imechomwa kwa chuma cha moto kwenye mbao yenyewe. Nikatafuta ya kumi na nne, nikaikuta. Ikaingia ndani ya ya kumi na tano kama ulimi ndani ya kinywa. Nilipoinua macho Bwana Sanduku alikuwa amekwisha kwenda. Papa Bauma akasema, "Akienda bila kusema kitu, njo amekukubali."

Niwaeleze ninyi vijana kazi ilivyokuwa, maana siku hizi gari linafika likiwa zima na mtu anageuza ufunguo tu. Bwana Sanduku alikuwa na kaka yake Uingereza, mwenye karakana ndogo isiyozidi banda letu. Yule kaka hakutengeneza injini wala magurudumu. Alitengeneza mwili wa gari peke yake: kiunzi cha mbao, yaani mifupa, na mabati mepesi ya aluminiamu ya kukifunika, yaani ngozi. Vyote alivitia sandukuni pamoja na skrubu, gundi na karatasi ya michoro. Mnunuzi alitafuta mwenyewe shasi, yaani ile fremu ya chuma ya chini inayobeba injini na magurudumu, kutoka kwenye gari kuukuu, akaivalisha mwili mpya. Kwao Uingereza watu walifanya hivyo uani mwa nyumba zao. Huku kwetu tulifanya sisi. Bwana Sanduku alinunua magari ya jeshi yaliyoachwa baada ya vita, tukayavua, tukasafisha shasi, tukazipaka rangi, kisha tukafungua masanduku.

Papa Bauma alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa katika karatasi yoyote ya Uingereza. Kila kiunzi kiliunganishwa kwanza kikavu, bila gundi wala skrubu, kikaachwa hivyo mpaka kesho yake. "Gari ilale kwanza," alisema. Asubuhi tulikizunguka tukitazama kila kiungo. Penye nafasi ya kupitisha ukucha, mbao ilirudi kwenye randa. Hapo ndipo gundi iliruhusiwa. Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu kabla ya kuaminiwa kukagua kwa ukucha wangu mwenyewe.

Lakini tulikuwa na ugonjwa mmoja. Gari lilitoka Nyamitaba likiwa zuri, likaenda Goma na kurudi mara chache, kisha viungo vikaanza kulegea. Gundi ya Uingereza haikupenda mvua yetu, na skrubu zilijitafuna zenyewe ndani ya mbao kwa mtikisiko wa mawe ya Sake. Kiunzi kikipinda kidogo tu, mlango haufungi tena. Walowezi walirudisha magari milango ikiwa imefungwa kwa kamba. Mmoja alimwambia Bwana Sanduku mbele yetu sote kwamba amemuuzia banda la kuku lenye magurudumu. Wanunuzi wakaacha kuja. Banda likajaa masanduku yasiyofunguliwa.

Ndipo mkuu wa teritwari, yaani wilaya, ya Walikale alipopita, akielekea Goma. Alikuwa Mbelgiji mnene wa maneno machache. Alitaka magari mepesi ya kubebea wauguzi na dawa katika barabara za msituni, ambako malori makubwa yalizama. Alizunguka gari lililokuwa uani, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Nileteeni moja Walikale," akasema. "Kwa barabara, likiwa na magunia sita ya chumvi. Siku tatu. Nitafungua mlango na kuufunga kwa mkono wangu. Ukifunga, nachukua sita. Usipofunga, msinisumbue tena."

Alipoondoka, Bwana Sanduku alituita wote. Alisema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. "Sita nakuja, sisi iko. Sita hapana kuja, mimi nafunga mlango ya banda, ninyi narudi nyumbani." Papa Bauma alikuwa na shamba la kurudia. Mimi nilikuwa na kiti cha ghala la pamba, umbali wa wiki tatu za njia, nami nilikiota mara mbili usiku ule ule.

Mimi ndiye niliyetoa wazo la ngozi. Nilikuwa nimeona katika nyumba za Nyamitaba vitanda, viti na ngoma, vyote vimefungwa kwa vipande vya ngozi mbichi ya ng'ombe. Unaivuta ikiwa mbichi, ikikauka inabana kuliko skrubu yoyote. Papa Bauma aliweka randa chini, akasema, "Kitanda ya baba yangu njo ilifungwa vile. Mimi nilizaliwa juu yake, na iko inalaza bajukuu sasa." Tukafunga kila kiungo kwa ngozi, tukapaka samli juu ili isipasuke, tukangoja ikauke. Tulipogonga kiunzi kilitoa sauti ya ngoma. Bwana Sanduku alining'inia mlangoni kwa uzito wake wote. Mlango haukushuka hata unywele.

Tuliondoka watatu: Bwana kwenye usukani, Papa Bauma kando yake, mimi nyuma juu ya chumvi. Siku ya kwanza ilikuwa ya sifa. Tulipita Masisi watu wakisimama kando ya njia, milango ikifunga kwa mlio safi, na Papa Bauma akiifungua na kuifunga bila sababu kila tuliposimama. Tulilala kwa mwalimu wa kanisa. Siku ya pili tukaanza kushuka kuelekea msituni. Baridi ikaisha, hewa ikawa nzito, na mvua ikatukuta, mvua ya huko chini ambayo haina haraka ya kwisha. Mimi nyuma nilianza kusikia kiunzi kikilia. Nikagusa kiungo cha karibu. Ngozi ilikuwa laini kama utumbo uliochemshwa.

Tulifika Kashebere saa sita mchana mlango wa kushoto ukining'inia. Mbwa wa kijiji wakatoka wote. Walinusa samli, na kabla hatujashuka mmoja alikwisha ng'oa kipande cha ngozi chini ya ubavu wa gari na kukimbia nacho.

Bwana Sanduku alijaribu kufunga mlango mara tatu. Ulirudi mara tatu. "Nani nasema ngozi?" akauliza taratibu.

"Mimi, Bwana," nikasema.

"Hapana," akasema Papa Bauma. "Ni siye babili. Kitanda haiko inanyeshewa na mvua, Bwana. Tulisahau ile."

Hapo kando ya barabara palikuwa na kibanda cha makuti, na ndani yake mama mmoja anasuka kitunga kikubwa cha kubebea mihogo. Alikuwa ameangalia yote bila kusimamisha mikono. Sasa akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Papa wangu," akamwambia Papa Bauma, "munatoka mu milima na nyama njo munafunga nayo gari? Munaletea imbwa zetu chakula? Aksanti sana."

"Mama, usitucheke. Kazi yetu inakufa hapa."

"Sikucheke weye. Ninacheka ile ng'ombe." Akamwita mbwa aliyekuwa bado anazunguka magurudumu, akamtupia jiwe dogo. "Na bantu ba milima banatusemaka siye ba pori hatujue kitu."

Jina lake lilikuwa Mama Riziki. Alinyanyuka, akaja kutazama kiungo kilichofunguka, akakichezesha kwa vidole viwili kama mtu anayechunguza jino la mtoto. Kisha akarudi kibandani, akaleta fundo la kekele. Vijana wa mijini hawakijui kitu hiki. Kekele ni mmea wa msituni wenye miiba, unaopanda miti mirefu. Ukiumenya na kuuchana unapata kamba nyembamba, ngumu, inayong'aa. Watu wa Walikale walijenga nayo nyumba, na hata madaraja ya kuning'inia juu ya mito, yanayonyeshewa mwaka mzima.

"Hii inakunywa maji mbele ya kufunga," akasema. "Haitakunywa tena nyuma. Njo tofauti yake na ng'ombe yenu."

Bwana Sanduku alitikisa kichwa. "Kitunga," akasema. "Mimi hapana peleka kitunga kwa Bwana Mukubwa."

"Gari yako iko mbaya kuliko kitunga," akajibu Mama Riziki. "Kitunga yangu inabeba mihogo mupaka Walikale na haifunguke. Weye umebeba chumvi nusu ya njia tu."

Nilimtafsiria Bwana, ingawa nadhani alikuwa ameelewa. Masikio yake yalizidi kuwa mekundu. Akatazama jua, akatazama mlango, akavua koti, akaanza mwenyewe kukata ngozi kwa kisu na kuwatupia mbwa.

Tulishusha chumvi kibandani. Mama Riziki aliloweka kekele mtoni, akatuonyesha fundo lake: mara tatu kwa upande, mara tatu kwa mshazari, mwisho unaingia chini ya mizunguko yote na kuvutwa kwa meno. Papa Bauma alilijaribu akakosea. "Papa, hapana vile, umefunga mubuzi," akamwambia, na yule mzee wa kanisa akafungua na kurudia. Mimi nililipata mara ya pili. Bwana Sanduku alikuwa na kazi ya kubana viungo kwa mikono yote miwili wakati sisi tunafunga, na Mama Riziki alimwamuru kama anavyoamuru mkwe: "Shika. Usiache. Nimesema usiache." Watu wa Kashebere walitandaza majani juu yetu mvua iliporudi. Jua lilipokuwa linatua, kiungo cha mwisho kilikuwa kimefungwa.

"Tunakupa nini, Mama?" akauliza Papa Bauma.

"Niko na dada Walikale. Sijamuona tangu alizaa. Nitakaa juu ya ile chumvi."

Asubuhi ya siku ya tatu tuliondoka wanne. Sitaeleza kila shimo. Mara mbili tulizama mpaka mlangoni, na mara mbili watu walituchomoa kwa miti. Kila gari lilipoanguka upande mmoja nilisikia kekele zikilia kidogo, kama kiti kinapokaliwa na mtu mnene, kisha zikanyamaza. Mama Riziki aliimba nyimbo za kanisa njia nzima, akasimama tu kunikemea nilipogusa mafundo. "Acha. Unaigusa ya nini? Haiko kidonda."

Tulifika Walikale saa kumi kasorobo. Mkuu wa teritwari alitoka ofisini na leso mkononi, akijifuta shingo. Hakutusalimia. Alizunguka gari lililojaa tope, akasimama upande wa kushoto, akashika kitasa. Mimi nilitazama viatu vyake. Nikasikia mlango ukifunguka, kimya, halafu tak, mlio mfupi mkavu. Akaufungua tena. Tak. Akapiga teke ubavu wa gari, akaufunga mara ya tatu. Tak.

Kisha akainama akaona kekele. "Ni nini hii?"

Nilijua Bwana Sanduku angeweza kusema lolote. Ni gari lake, ni kaka yake, ni karatasi yao. Akanyoosha mkono kuelekea juu ya magunia. "Mama huyu nafunga," akasema. "Mimi nashika tu."

Mama Riziki akajishusha polepole, akatengeneza kitenge chake. "Ni vile, Bwana Mukubwa. Na hashike muzuri."

Yule mkuu hakuwa mtu wa kucheka, lakini leso ilipanda ikafunika mdomo. "Sita," akasema kupitia kitambaa, akarudi ofisini.

Papa Bauma alikaa chini pale pale, juu ya tope, na suruali yake ya Jumapili.

Miaka iliyofuata ndiyo mizuri kuliko yote niliyoishi. Tulitengeneza yale sita, na walowezi waliotutukana wakarudi. Mafungu ya kekele yalipanda kutoka Kashebere kila mwezi, na Mama Riziki alikuja mara kwa mara kukagua, akilala kwa mke wa Papa Bauma na kugombana naye juu ya namna ya kupika sombe, yaani kisamvu. Nilichora fundo lake kwenye karatasi, hatua kwa hatua, nikalipa namba kama mbao za Uingereza. Bwana Sanduku akaituma kwa kaka yake. Jibu lilikuja pamoja na masanduku mapya: karatasi ya michoro ilikuwa imeongezwa ukurasa, na ukurasa huo ulikuwa mchoro wangu. Yule kaka aliomba apelekewe kekele. Tukapigilia sanduku la kwanza kutoka Nyamitaba kwenda Uingereza, nami nikaandika namba juu yake kwa mkono wangu. Nikawa mkuu wa uunganishaji, na watu wazima wakawa wananiuliza kama ukucha wangu umekubali.

Nimefanya kazi mahali pengi tangu hapo: Stanleyville, Bunia, Albertville, na bandari ambayo sikumbuki hata kwa nini nilikwenda. Sikuwahi kukaa popote zaidi ya miaka miwili. Cheche ya kuchomelea iliniharibia jicho la kushoto, kwa hiyo sasa, nikiwa na miaka arobaini na kitu, mimi ni mstaafu ambaye wazee wenzake bado wanamwita kijana. Vijana wa shule za ufundi huniuliza ni ipi siri ya kazi nzuri. Sina siri. Najua tu kwamba tulikosea mbele za watu wote, kisha tukamwachia anayejua atushikishe.

Karakana haikufa kwa kulegea. Viwanda vikubwa vilianza kuleta magari mazima, na kaka wa Bwana Sanduku alikuwa amezeeka. Akaandika kwamba sanduku linalokuja ni la mwisho. Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha. Tuliunganisha gari hilo bila haraka. Lililala kavu siku mbili, badala ya usiku mmoja, kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza kutia gundi.

Kila gari lilikuwa na kibati kidogo cha shaba chini ya usukani, chenye jina la ndugu wale wawili. Siku lilipokwisha, Bwana Sanduku alitoa mfukoni kibati kingine, akakipigilia kando ya kile. Alikuwa amekichonga mwenyewe, na herufi zilikuwa zimepinda. Palikuwa na majina matatu: Bauma, Riziki, na langu, lile la ubatizo, ambalo sikujua kama alikuwa analijua.

Mama Riziki alikuwa amekuja siku hiyo kuagana nami. Hakujua kusoma. Akaweka kidole juu ya shaba.

"Yangu njo ipi?"

"Hii ya katikati, Mama."

Akaifuata herufi kwa herufi na ncha ya kidole. Kisha akakishika kibati chote, akakichezesha kama alivyochezesha kile kiungo kule Kashebere.

"Bwana," akasema, "umetia ribiti mbili tu. Ongeza."

Bwana Sanduku akachukua nyundo, akapiga ribiti mbili nyingine, moja kila pembe iliyobaki. Mama Riziki akajaribu tena. Kilikuwa hakitikisiki. Nikampa kila mmoja mkono, nikatwika mzigo wangu, nikashika njia ya Sake.